Jinsi Nilivyoiokoa Rafu ya Kiswahili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Maktaba yetu ya Ngagara imepata akili mpya. Ndivyo anavyosema Joëlla, msimamizi wetu, aliyerudi kutoka semina na kompyuta mbili na uso wa mtu aliyeokoka. Moja ni ya kutafutia vitabu. Nyingine iko mlangoni, na msomaji anajipitishia kadi mwenyewe akiazima. Kuanzia sasa, alisema, maktaba itajifunza kutoka kwa wasomaji: wanaazima nini, wanaandika maneno gani wanapotafuta, vitabu gani vimebaki mezani jioni. Kinachotumika kitasogezwa mbele kionekane. Kisichotumika kitakwenda stoo.

Nikauliza, kwa utulivu, hali ya rafu ya Kiswahili. Akatazama skrini, kisha akanitazama mimi kama daktari anavyotazama ndugu wa mgonjwa. Mwezi uliopita vitabu vya Kiswahili viliazimwa na mtu mmoja. Namfahamu mtu huyo. Nilikuwa nimevaa viatu vyake.

Uamuzi ni mwisho wa mwezi. Népomuscène akakohoa. Huyu ni mkurugenzi mstaafu wa ofisi moja ya serikali, anasoma riwaya za Kifaransa meza ya pili kutoka kwangu, na hana kikohozi. Riwaya zake ziko nyuma, jirani na choo. Rafu ya Kiswahili iko dirishani, penye mwanga. Analitaka dirisha langu.

Stoo ina mchwa. Nusu ya vitabu vile nilikuja navyo mwenyewe kutoka Tanzania, ndani ya katoni, juu ya magoti yangu. Nimeamua. Mashine inataka hesabu? Itapata hesabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kadi moja inaruhusu vitabu vitatu. Nimeazima vitatu, nimezunguka jengo, nimerudisha, nimeazima vitatu vingine. Sikuchagua. Kuchagua kunapoteza muda. Ufugaji pamoja na ndoa, sheria ya ardhi pamoja na hadithi za watoto.

Kufikia mchana magoti yaliniuma. Joëlla aliniuliza kama nimevisoma vyote. Nikajibu kwamba nilikuwa mwalimu na macho yangu yamezoea kusahihisha. Népomuscène akasema bila kuinua kichwa: "Muache. Muzee Aloys anavipeleka vitabu kupunga hewa."

Nimempuuza. Hesabu inapanda.

Jumatano, 8 Oktoba

Jambo dogo. Leo alikuja Lubna, binti wa rafiki yangu Hamimu, fundi magari wa Buyenzi. Anaolewa karibuni na alitaka kitabu cha mawaidha ya ndoa. Aliandika jina la kitabu, kompyuta ikampatia. Chini yake ikaongeza, kwa adabu, kwamba waliosoma kitabu hiki walisoma pia kile cha minyoo ya mbuzi.

Lubna akasoma mara mbili. Joëlla akashangaa, akajiuliza kwa sauti ni msomaji wa namna gani huyo. Mimi nilikuwa nyuma ya gazeti.

Lubna ameazima vyote viwili. Alisema: "Kama mashine inasema, iko na kitu inajua juu ya wanaume."

Msomaji halisi wa kwanza! Mpango unafanya kazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango haufanyi kazi. Joëlla amenieleza kwa upole kwamba mashine haihesabu vitabu tu, inahesabu na watu. Mtu mmoja akiazima rafu nzima, bado ni mtu mmoja.

Nahitaji watu. Nimekwenda Buyenzi kwa miguu, maana essence, yaani petroli, haipatikani na mabasi yamelala kwenye foleni. Hamimu alikuwa chini ya gari. Niliongea na miguu yake. Nikaiomba, pamoja na mafundi wenzake, waje kuazima vitabu.

"Muzee, mi naendaka kule kila Ijumaa," ilijibu miguu. "Kuazima ya nini? Kitabu ikifika hapa itakunywa mafuta."

Wenzake wakacheka, wakanieleza kama mtoto. Siku nyingine mikono yao haifai kushika karatasi. Ijumaa wameoga, wamevaa kanzu, kwa hiyo baada ya swala wanapita maktaba, wanasoma hapohapo, na kila mtu anarudisha kitabu mahali alipokitoa, kama mtu aliyelelewa.

Nimeona ni visingizio. Anayesoma bila kuazima anamsaidia nani? Nikawaambia wajaze fomu za kadi tu, mengine waniachie. Hamimu akatoka chini ya gari ili anitazame usoni.

"Hii mambo haina polisi ndani?"

Nikasema ni mambo ya utamaduni. Wakajaza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nilipokea kadi za mafundi, nikazipitisha mlangoni, moja baada ya nyingine, Joëlla akiwa chumba cha nyuma. Nimetoka na kikapu kizito kama cha mama wa sokoni. Sasa rafu ina wasomaji wengi, na wote wana bidii.

Alasiri mafundi wenyewe walikuja, wasafi, wananukia. Rafu ilikuwa na mapengo lakini walijibana, wakasoma kimya hadi karibu na kufunga. Joëlla alikuwa ameweka karatasi kwenye meza: tafadhali usirudishe kitabu rafuni, kiache mezani. Sikuielewa karatasi ile, na wao hawakuitii. Kila mmoja alikirudisha chake na kukinyoosha mgongo. Wawili tu walisahau. Nikakimbia kuwarudishia kabla Népomuscène hajaona. Sitaki aseme Waswahili wanaacha meza kama baada ya karamu.

Yeye ndiye mwenye karamu. Ameacha riwaya zimetapakaa meza nzima. Miaka yake yote ofisini kulikuwa na mtu wa kumpangia.

Jioni Joëlla alipita akihesabu vitabu mezani. Kifaransa, vingi. Kiswahili, hakuna hata kimoja. Akaguna. Mashine hii ina kinyongo na Kiswahili, sasa nina hakika.

Jumapili, 12 Oktoba

Binti yangu Bella alitaka kufagia chini ya kitanda changu. Akashindwa kupitisha ufagio. Akaniuliza: "Papa, maktaba imehamia kwetu?"

Nikamwambia vitabu viko safarini. Akasema wakija kuulizia, yeye ni mpangaji tu, hanijui.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Rwagasore, shujaa wa uhuru wetu. Maktaba imefungwa. Siku ndefu.

Nimekaa kitandani juu ya vitabu vyangu, ninapaswa kusema vitabu vya maktaba. Nilikuwa kijana tulipovuka mpaka kukimbilia Tanzania mwaka 1972. Kule nilisoma kwa Kiswahili, nikafundisha kwa Kiswahili, nikaoa kwa Kiswahili, na mke wangu amelala kule chini ya msalaba ulioandikwa kwa Kiswahili. Waliniita Mrundi. Niliporudi, majirani wa hapa Ngagara wakaniita Mtanzania, bila ubaya wowote. Kirundi changu kilibaki na umri wa kijana aliyeondoka nacho. Kifaransa changu hakikuzaliwa kabisa. Mtu anaweza kuwa mgeni pande zote mbili na bado akalala vizuri, lakini lazima awe na kiti mahali fulani. Changu kiko pale dirishani. Nikinyoosha mkono wa kushoto nagusa vitabu ambavyo havijawahi kuniuliza nimetoka wapi.

Nikiwaza rafu ile ndani ya stoo, nainama kuvihesabu tena vitabu vilivyo chini ya kitanda.

Basi. Kesho kazi inaendelea.

Jumatano, 15 Oktoba

Maafa.

Hamimu ameingia maktaba katikati ya wiki, na nguo za kazi, mikono ameificha nyuma. Alitafuta kitabu cha injini za dizeli. Hakipo rafuni. Joëlla akatazama kompyuta, akamwambia kimeazimwa na Hamimu.

"Hamimu gani?"

Akamsomea jina lote na mtaa.

"Huyo ni mi."

Joëlla akakubali kwamba ni yeye.

"Na mi niko hapa."

Akakubali hilo pia.

"Na kitabu iko kwangu."

Joëlla akasema ndivyo mashine inavyosema. Hamimu akaikodolea skrini macho. "Basi huyo Hamimu ya mashine anasoma kunishinda," akasema. Ndipo macho yake yakanikuta. Nilikuwa nachunguza dari.

Hakusema neno mbele ya Népomuscène. Hamimu ni rafiki. Nje akasema yote. Gari la mteja limefunguliwa tangu jana, pampu iko chini juu ya gunia, na alihitaji ukurasa mmoja tu. Tena ile Ijumaa wenzake walitafuta vitabu walivyovizoea, hawakuviona, wakadhani maktaba imeviuza. "Muzee, umenifichia kitabu, na umenifichia kwa jina yangu."

Tumekwenda kwangu. Nilikivuta kutoka chini ya kitanda. Kwa sababu ya mikono yake, yeye alichuchumaa mlangoni akisoma, na mimi nikamfunulia kurasa. Alisoma polepole, akisogeza midomo, na alipofika kwenye mchoro alioutaka akacheka peke yake kama mtu aliyeitwa jina na ndugu yake sokoni. Sijafungua ukurasa kwa mtu tangu nilipoacha kufundisha. Karibu nisahau kwamba nilikuwa nimeaibika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Joëlla ameniita ofisini. Amefunga mlango. Amegeuza skrini upande wangu.

Ameniuliza, kwa heshima zote, kuhusu mafundi wa Buyenzi. Wamechukua vitabu asubuhi moja, saa ambayo gereji zinafunguliwa, mmoja nyuma ya mwingine bila nafasi ya kuvuta pumzi. "Muzee, hawa watu wanatembeaka pamoja?"

Nikasema tangu essence ikosekane, watu wengi wanatembea pamoja.

Akainama. Nadhani alikuwa anaficha uso. Alipoinuka alisema ameifuta hesabu yote ya kuazima ya Kiswahili mwezi huu, kwa sababu haaminiki tena mtu yeyote ndani yake. Amebaki Lubna, na minyoo ya mbuzi.

Niliona stoo. Niliona mchwa wakijifunza kusoma.

Kisha akafungua ukurasa mwingine. Maneno ambayo watu wameyaandika kwenye kompyuta ya kutafutia, ikawajibu kwamba hakuna kitu. Majina ya watu hayapo, alisema, mashine hayo haiyahifadhi. Maneno tu. *Kuku wa mayai. Mimba. Pampu ya dizeli. Urithi. Kisukari. Barua ya kuomba kazi.* Yalishuka hadi chini ya skrini na yakaendelea. Karibu yote Kiswahili.

Nikasema lakini vitabu hivyo tunavyo, navijua kwa rangi. Akasema ndiyo. Lakini aliyeviingiza kwenye orodha zamani aliviandikia mada kwa Kifaransa. Mtu akiandika kuku, mashine inatafuta kuku, wakati kuku wetu amesajiliwa kwa jina la kizungu. Watu wamekuwa wakibisha hodi kila siku kwenye mlango ambao hauwaelewi, wanaondoka wakiamini nyumba ni tupu.

Nilisoma maneno yale tena. Nilidhani niko peke yangu kwenye ile rafu.

Akaongeza moja. Ijumaa alikuwa dirishani pa ofisi, akaniona nikikusanya vitabu vya mafundi mezani na kuvirudisha. Karatasi ile ilikuwa kwa ajili ya kuvihesabu. Kilichobaki mezani kimesomwa. Kilichorudi rafuni hakuna ajuaye. "Muzee, kila siku unapanga, unapanga. Ni wewe unaficha rafu yako."

Nimemwambia ni malezi. Akasema anajua. Aliniomba kesho nikalie mikono.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekalia mikono. Si kwa mfano. Niliikalia.

Asubuhi nilirudisha kikapu chote. Alasiri mafundi wakaja, wakaviona vitabu vyao, wakavisalimu. Hamimu aliwaeleza kwamba leo hakuna kurudisha. Walipata taabu sana. Mmoja aliinuka na kitabu, akakumbuka, akakaa, akainuka tena. Karimu, mdogo wa Hamimu, aliuliza kama akiache kimefungwa au wazi, na kama ni dhambi. Mwishowe walivipanga mezani kwa usawa, vikubwa chini, vidogo juu, wakaondoka wakigeuka nyuma kama watu walioacha mtoto kwa jirani.

Népomuscène akapita. "Aloys, umefungua duka?" Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi chini yangu.

Joëlla akaja kuhesabu. Alihesabu akatabasamu, akahesabu tena kwa starehe yake.

Lakini hili ndilo nililotaka kuandika. Kabla ya kufunga, Népomuscène alidhani nimesinzia. Alikwenda dirishani, akatoa kitabu chembamba cha kijani, akakitia ndani ya riwaya yake, akarudi kusoma riwaya. Kitabu kile nakijua. Nilikibeba mimi. Ni maelezo ya ugonjwa wa kisukari: ule nini, uache nini, utunze miguu vipi. Mkurugenzi mzima, mwenye Kifaransa cha kutosha kujengea nyumba! Alikuwa anasoma akisogeza midomo.

Nilikuwa na kejeli tatu tayari. Sijui zilikwenda wapi. Aliporudisha kitabu, akakichomeka mahali pasipo pake, nilisubiri atoke, nikakiweka mezani mbele ya kiti chake, ili kihesabiwe, na ili kesho asilazimike kujificha kukifuata.

Jumatatu, 20 Oktoba

Joëlla hakungoja mwisho wa mwezi. Rafu ya Kiswahili inabaki dirishani. Maneno yaliyokosa majibu na meza ya Ijumaa vimetosha. Amesema pia ataongeza rafu ndogo ya ufundi karibu na mlango, na kitambaa cha kufutia mikono, ili mafundi waje siku yoyote wapendayo. Wazo la kitambaa ni la Hamimu. Riwaya za Kifaransa zinatoka jirani na choo, zinakuja upande wa pili wa dirisha. Kwa hiyo Népomuscène atakaa mbele yangu. Nimelipokea hilo kama mwanaume.

Jambo kubwa: ameniomba nisaidie. Kila kitabu cha Kiswahili kipewe mada kwa Kiswahili, maneno ambayo watu wenyewe wanayatumia. Tumeanza leo. Kuku amerudi kuwa kuku. Tuliandika, tukajaribu kutafuta, na kitabu kikatokea kwenye skrini palepale. Nimeomba aandike tena ili nione tena.

Népomuscène alisogea, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwenye kisukari tuongeze pia *sukari* tu, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Aliwaona watu hao, akasema. Nikamshukuru kwa niaba ya watu hao.

Hamimu alipopita kusikia habari, nilimwambia tumeshinda, na kwamba yote yalianza na ule mpango wangu wa kadi. Akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Jumatano, 22 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu tena, nikapata nafasi ya kufikiri.

Leo nimemkuta Joëlla anafurahia jipya. Kompyuta ya kutafutia sasa itajipanga yenyewe: neno linalotafutwa sana litapanda juu, na vitabu vyake vitaonekana kwanza kwa kila anayeingia. Si kwa Kiswahili tu. Kwa Kifaransa pia. Nikatupa jicho mbele. Népomuscène alikuwa amekaa kwenye ile kompyuta, akiandika taratibu, kidole kimoja, jina la riwaya. Kisha akaliandika tena.

Kumbe.

Nimemuuliza Joëlla, kama mtu anayepiga soga, mashine inamtambuaje anayeandika. Akanikumbusha kwamba haihifadhi majina, ila inaweza kugundua mtu mmoja akirudia-rudia. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nikamhakikishia kwamba mambo hayo nimeyaacha.

Kesho nitafika wakati wa kufungua. Nitatafuta *kuku wa mayai*, mara nyingi, hadi apande juu ya riwaya zote. Na mashine haitanigundua, kwa sababu kila mara nitatumia kidole tofauti.